Kweupe Mpaka Kiabakari

Asije mtu akanishika bega na kuniambia nipunguze hasira. Hasira hizi ni zangu, nimezipata kihalali, na bado sijamaliza kuzigawa.

Naitwa Raya. Nakaanga sato Makutano, pale barabara ya Butiama inapochepuka kutoka kwenye lami kubwa ya Musoma na Bunda. Karai langu liko hatua kumi kutoka barabarani, na nikiinua kichwa naona mbali pande zote. Kwa sababu hiyo madereva walinipenda. Samaki wangu ni watamu, hilo halina ubishi, lakini walichokipenda kwanza ni macho yangu.

Madereva wa mchomoko, yale magari madogo ya abiria yanayokimbizana kati ya Bunda na Musoma, wana kundi lao la WhatsApp. Wameliita Macho ya Njia. Tulikuwa watu themanini na wanne humo. Wengi ni madereva, na wachache ni sisi tunaoshinda barabarani: fundi pancha wa Bunda, mama lishe wa Kiabakari, na mimi. Kazi yetu ilikuwa kutazama askari wa usalama barabarani wamesimama wapi na ile tochi yao ya kupima mwendo. Wakiwepo, unabonyeza simu unasema, "Kuna tochi." Wakiondoka, unasema, "Kweupe." Basi. Neno hilo moja likitoka, magari yote ya njia ile yanafunguliwa kama ng'ombe asubuhi.

Nami nilijiona natoa sadaka! Baba za watu wanaandikiwa faini kila siku, nikawa nawaokoa kwa sauti ya sekunde tatu. Wao wakifika Makutano wanasimama kwangu, abiria wanashuka, wananunua. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza dereva anaisikilizaje hiyo sauti akiwa mwendo mkali, na anaijibu kwa mkono upi.

Khalidi alikuwa hodari wa kujibu kuliko wote. Ni mkazi wa Nyakato ya Musoma, mtu wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, mdomo haukauki. Simu moja kaibandika mbele ya usukani, nyingine iko mapajani. Ujumbe ukiingia hawezi kuuacha mpaka asimame. Eti kumwacha mtu bila jibu ni dharau, eti alilelewa hivyo kwao. Tulikuwa tunamcheka na kumsifu. "Khalidi ana adabu," nilisema mimi mwenyewe kwa mdomo wangu huu.

Jumanne ile, saa saba mchana, askari wawili waliokuwa wamesimama jirani na kibanda changu walipanda pikipiki yao wakaenda kula. Mama lishe wa Kiabakari alikuwa ameshasema kwake hakuna mtu. Nikafuta mafuta mkononi, nikabonyeza simu, nikasema, "Makutano kweupe mpaka Kiabakari, wanangu, pitieni."

Baada ya dakika chache ikaingia sauti ya Khalidi. Sauti zake huwa za sekunde tano au sita. Hii ilikuwa ya dakika moja na zaidi. Nikaiweka simu sikioni huku nageuza samaki.

"Dada Raya, nakupenda bure! Nateremka huku tupu, abiria wote wameishia Kiabakari. Niwekee sato mwenye kichwa kikubwa, na ndimu, na ile pilipili yako. Dereva mwingine akija mwambie huyo samaki ana mwenyewe. Halafu ngoja, ngoja nione huyu ameandika nini hapa..."

Akacheka. Kisha ukaja mlio ambao sitauelezea. Baadaye mlango ulifunguliwa, nikasikia viatu kwenye kokoto, na Khalidi yuleyule, sauti imekuwa nyembamba: "Mungu wangu. Nimewafuata pembeni. Walikuwa wamesimama, nimewafuata pembeni kabisa." Halafu mwanamke, taratibu, kama anayemwamsha mtu aliyechelewa shamba: "Burito. Burito, inuka. Inuka twende nyumbani." Kukawa na mkwaruzo, sauti ikakatika.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Khalidi alirudi garini akaichukua simu ampigie tajiri wake, mwenye gari, na kidole kikatuma sauti iliyokuwa bado inajirekodi. Hata pale, mwanamke amelala kokotoni anamwita mumewe, jambo la kwanza lilikuwa simu.

Mimi wakati ule sikuelewa kitu. Nilimrushia mume wangu, Hamduni, ile sauti, nikamwandikia, "Sikiliza, huyu si Khalidi? Kumetokea nini?" Kabla hajajibu, sauti ikafutwa kule kundini. Kisha Felisian, kiongozi wa kundi, akaandika: "Aliyesikia hakusikia. Kila mtu afute. Tumlinde mwenzetu, ana familia." Watu wakaanza kuweka vile vikono vya kuomba, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeuliza kama yule mama yuko hai. Saa kumi jioni fundi pancha wa Bunda akasema kwake kweupe, na watu wakamshukuru.

Nakala niliyomrushia mume wangu haikufutika. Ilibaki kwenye simu yangu na ya kwake.

Yule mama aliitwa Boke. Alifia njiani akipelekwa hospitali. Mumewe, Burito, aligongwa kichwa, akazinduka siku ya pili, na Jumanne nzima ilikuwa imetoka kichwani mwake. Alikumbuka Jumatatu walivyopanga kwenda Kiabakari kununua mbegu za mahindi kwa baiskeli. Baada ya hapo hakuna kitu. Khalidi akaandikisha maelezo polisi kwamba baiskeli ilikatiza ghafla mbele ya gari. Mahali penyewe ni mteremko usio na nyumba, hapakuwa na shahidi. Na aliyekuwepo, mwenye haki ya kumkanusha, hakukumbuka lolote.

"Futa," Hamduni aliniambia siku ileile. Yeye ni seremala, mtu mpole, hapendi kesi. "Hii sauti inaanza na jina lako. Dada Raya, Dada Raya. Nani alisema kweupe? Ukiitoa unajitoa na wewe."

"Mtu amekufa, Hamduni."

"Amekufa, na hutamfufua. Wewe bado unaishi hapa, na hao madereva ndo wanakulisha."

Ya kwake aliifuta. Ya kwangu sikuifuta, wala sikuipeleka popote. Sijui niite nini kitendo hicho. Kila asubuhi nilijiambia nitakwenda polisi, kila asubuhi nikawasha moto wa samaki. Niliogopa, sitaki kuzungushazungusha.

Wiki ya tatu Burito alikuja kibandani kwangu. Kitambaa kichwani, fimbo mkononi, shati limepigwa pasi vizuri mno. Nadhani alilipiga mwenyewe, alikuwa anataka watu wamwone ni mtu makini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mimi ndo yule wa ajali ya mteremkoni. Nazunguka nauliza watu wanaokaaga barabarani." Alivuta pumzi. "Nilikuwaga mwangalifu sana na baiskeli. Lakini siku ile imefutika yote. Wewe umewahi kuniona nakatiza ovyo?"

"Sijawahi."

"Na siku ile? Hukusikia chochote? Watu wanapitaga hapa, wanaongea."

Simu yangu ilikuwa mezani, kati yangu na yeye.

"Sikusikia," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa, bila kinyongo. "Wakwe zangu wamewachukua watoto. Wanasema nimemuua binti yao kwa haraka zangu. Mwanzo nilikataa. Sasa nikilala najiona nakatiza, najiona kabisa. Labda ni kweli, mama. Mtu anaweza kufanya kitu akasahau."

Nikamfungia samaki kwenye gazeti, nikakataa malipo. Akanishukuru! Alipoondoka nililia kwa hasira. Nilimkasirikia hata yeye, kwa nini anashukuru, kwa nini hapigi kelele, kwa nini hakuikamata ile simu akaivunja.

Kesho yake akaja nani? Khalidi. Amepata dhamana, tajiri amempa gari jingine, yuko barabarani kama kawaida. Akakaa, akaagiza, akala. Simu ikalia ujumbe, naye mdomo umejaa, akabonyeza akajibu, "Nipo Makutano, kweupe, njooni." Kisha akanitazama akaguna kwa huzuni ya kutengeneza.

"Kazi ya Mungu haina makosa, dada Raya."

"Usimsingizie Mungu," nilimwambia. "Mungu hakuwa anaagiza samaki."

Abiria wakageuka. Nikamnyang'anya sahani akiwa hajamaliza, nikamwaga kilichobaki kwa mbwa. "Walikuwa wamesimama pembeni. Wewe mwenyewe ulisema! Umeandikisha uongo, mwanaume mzima, na yule mtu anazunguka barabarani anauliza watu kama yeye ndiye muuaji!"

Khalidi alinyanyuka, akanawa mikono polepole. Akainama karibu na sikio langu. "Unapiga kelele mbele za watu, sawa. Waambie basi na nani alisema kweupe. Mimi nikifungwa, dada yangu, nitalitaja jina lako polisi kabla hawajaniuliza."

Aliniweza pale. Wiki tatu nyingine nikakaanga samaki.

Habari ya kikao niliipata kwa Matrida, mteja wangu wa Butiama anayekuja kununua samaki kila Ijumaa. Alikuwa anachagua huku anaongea, kama anasimulia mambo ya mvua. Jumapili baada ya misa kuna kikao kwa mzee Stanislausi, baba yake Boke. Burito atasimama mbele ya pande zote mbili, aseme kwa mdomo wake kwamba ndiye aliyesababisha kifo cha mkewe. Akishasema, ataruhusiwa kuwaona watoto.

"Na amekubali?" niliuliza.

"Amekubali. Sasa atabisha na nini, na hakumbukagi kitu? Anasema bora aitwe muuaji lakini awaone."

Jumapili asubuhi sikuwasha moto. Hamduni aliniona nafunga ushungi.

"Unakwenda wapi?"

"Butiama."

Aliiangalia simu mkononi mwangu, akaelewa. "Madereva hawatasimama tena kwako, Raya."

"Wasisimame. Waendelee kukimbia, si ndicho wanachokijua."

Nilipanda bodaboda. Hatujafika mbali simu ya yule dereva ikaita, ameibana ndani ya helmeti kwenye shavu, akaanza, "Haloo, nani mwenzangu?" na lori liko mbele yetu. Nikamgonga helmeti kwa ngumi. Nikamgonga tena. Akasimamisha pikipiki, macho yamemtoka.

"Mama vipi, una wazimu?"

"Ninao! Kata simu hiyo. Ukipokea tena nashuka, na pikipiki yako naisukumia mtaroni!"

Akakata. Mpaka Butiama hakuipokea tena, nami sikumwomba radhi.

Kwa mzee Stanislausi watu walikuwa wamekaa uani kwenye mabenchi, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, kama thelathini hivi. Burito alikuwa ameshasimama katikati na lile shati lake la pasi. Nilipiga hodi akiwa amefungua mdomo.

"Karibu, mama," alisema mzee Stanislausi, akiutazama ushungi wangu. "Umepotea njia?"

"Sijapotea. Naitwa Raya, nauza samaki Makutano. Nimekuja kabla huyu hajasema anachotaka kusema. Si kweli."

Minong'ono ikaanza. Burito alinitazama kama anayejaribu kunikumbuka. Mzee akainua mkono. "Sio kweli kivipi? Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Lakini dereva alikuwa anaongea na simu, na simu ilikuwa inarekodi. Ninayo hapa. Na kabla hamjasikia niwaambie mapema: jina mtakalolisikia mwanzo ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia njia haina askari, akimbie. Sikutumia neno hilo, kukimbia, lakini maana yake ilikuwa hiyo."

Nikaweka sauti juu mpaka mwisho, nikaishika simu mbele yangu kwa mikono miwili. Khalidi akaanza kunipenda bure. Akaagiza kichwa, ndimu na pilipili. Mwanamke mmoja akasonya. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini sikuizima. Ukaja ule mlio, na benchi zima la wanaume likashtuka. "Nimewafuata pembeni. Walikuwa wamesimama, nimewafuata pembeni kabisa."

Halafu Boke.

"Burito. Burito, inuka. Inuka twende nyumbani."

Skolastika, mama yake Boke, alitoa sauti ambayo si kilio wala si neno. Alikuja mbio akaikamata ile simu na mikono yangu pamoja. "Rudisha," alisema. "Rudisha hapo kwa mwanangu." Nikarudisha. Akasikiliza tena, na mara ya tatu. Burito hakusogea. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, ule upande wa sikio ambalo halikuumia ajalini, na machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola.

"Alikuwa ananiita," alisema. "Mlinifariji kwamba alikufa palepale. Alikuwa ananiita, na mimi sikumwitika."

Mzee Stanislausi alisimama kwa shida, akamwendea. Akamshika mkono tu, akakaa naye hivyo. Kisha akanigeukia mimi. "Kesho asubuhi tunakwenda kituoni. Na wewe utakwenda."

"Nitakwenda."

"Na ulichotueleza hapa utakisema hivyohivyo."

"Hivyohivyo, mzee."

Nilidhani nimemaliza. Nakwambia ukweli, kwa kitambo kidogo nilijisikia mwepesi, nikajiona mtu mwema aliyefanya jambo gumu. Ndipo Burito akainua uso.

"Mama, uliipata lini hii sauti?"

Ningeweza kudanganya. Hakuna ambaye angejua.

"Siku ileile. Saa saba na robo."

"Kwa hiyo nilipokuja kwako kuuliza..."

"Nilikuwa nayo. Simu ilikuwa pale mezani."

Nilijiandaa kwa matusi. Niliyataka. Kama angenipiga kibao ningeshukuru. Alinitazama bila chuki, akafuta uso kwa mkono wa shati, akamgeukia mama mkwe wake.

"Naomba wanangu, mama."

Skolastika aliingia ndani akatoka nao. Mkubwa, wa miaka tisa, alisimama kidogo mlangoni, kisha akakimbia mpaka kifuani kwa baba yake. Mdogo, Hilda, bado hajaanza shule, alibaki nyuma ya sketi ya bibi, ameikunja kwa ngumi mbili. Skolastika akamsukuma mgongoni taratibu huku analia.

"Nenda, mjukuu wangu. Ni baba yako."

"Siendi."

"Nenda, Hilda. Bibi alikosea."

"Siendi," mtoto alisema. "Ataniua na mimi."

Burito alimwachia yule mkubwa, akakaa chini mavumbini, hatua tatu kutoka kwa binti yake. Akaweka mikono yake magotini mahali ambapo mtoto angeweza kuiona, akaanza kungoja.